Mkono Begani kwa Pendo

Jioni ile Evelina alishuka soko la Lushoto kununua betri za tochi. Betri tu, hakuna kingine. Lakini mwezi wa saba huko juu baridi haina masihara. Jua likishaegemea mlima kila mtu anakimbilia jiko lake, na ilimbidi ambembeleze mzee mmoja aliyekwisha kufunika meza yake kwa turubai. Mzee akafunua, akatoa betri, kisha akabaki ameutazama mkono uliomnyooshea hela.

"Binti, unanipa kwa mkono wa kushoto?"

"Shikamoo babu. Nisamehe sana. Wa kulia umekufa ganzi."

"Marahaba. Ganzi ya nini, kijana kama wewe?"

Evelina akacheka, akasema ni baridi. Angemwambia nini? Kwamba mkono huo mchana ni mzima kabisa, unaandika, unafua, unamenya viazi, ila jua likijificha nyuma ya mlima tu unapoa kuanzia kifundoni hadi kwenye kucha, kama nyama iliyotoka kwenye friji? Kwamba unanuka? Maana ulikuwa unanuka. Alikuwa ameuosha kwa limau, kwa sabuni ya unga, hata kwa mafuta ya taa. Harufu haikuondoka. Udongo mbichi, uliochimbwa leo leo... na nta ya mshumaa.

Hospitali walimpa vidonge vya vitamini. Usharika ukamwombea. Kwenye nyumba ya wageni alikokuwa anakaa mapokezi, bosi wake alimshauri avae glovu. Wote walimuuliza ganzi hiyo ilianza lini, na wote aliwadanganya kwamba hakumbuki. Alikumbuka vizuri sana.

Ilianza jioni ya siku waliyomzika Pendo.

Pendo alikuwa mdogo wake Jenoveva. Na Jenoveva na Evelina walikuwa chanda na pete tangu shule ya msingi kule Kwai. Ukimwona mmoja ujue mwingine hayuko mbali. Waliazimana sketi, walitunziana siri, na walipoanza kujitegemea wakachanga wakanunua kamera, iliyotumika, yenye mkwaruzo ubavuni. Kamera moja, wenyewe wawili. Walijifundisha kwa video za kwenye simu. Leo wanajifunza kupiga picha watu wasiowajua pale stendi: salamu kwanza, omba ruhusa, piga, kisha mwonyeshe mwenyewe asije akakuapiza. Kesho wanapiga taa za mji giza linapoingia. Siku nyingine wanapanda kupiga mstari ule wa milima unapokutana na mbingu. Mmoja akishika kamera, mwenzake husimama mbele ili apate pa kulenga. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na hawakuwahi kugombana nani asimame.

Pendo aliwafuata nyuma kwa maneno mengi na vicheko. Alikuwa na heshima iliyopitiliza, yule binti. Dada yake mwenyewe alimsalimu kwa kumrukia mgongoni, lakini Evelina, aliyemzidi miaka michache tu, alimpigia goti nusu kila walipokutana. Alianza kwa kucheka. Kisha ndipo anaimba: "Shikamoo, dada Evelina!" Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Kwa Jenoveva yeye alikuwa Eve, basi. Evelina alilalamika kwamba anazeeshwa bure, na kila mara akaitikia "marahaba" kabla hajamaliza kulalamika. Ulimi uliolelewa mlimani ndivyo ulivyo. Shikamoo ikija, marahaba inatoka yenyewe.

Masika yalipokaribia kwisha, homa ikamchukua Pendo katika siku chache.

Kila mtu anajua kinachofuata nyumbani kwa marehemu. Wanaume wanatafuta mbao, wanawake wanatafuta masufuria, na vijana wanatafuta picha. Lazima ipatikane picha nzuri ikuzwe, iwekwe kwenye fremu, itangulie mbele ya jeneza. Pendo hakuwa na picha ya peke yake. Hebu fikiria, mdogo wa mpiga picha! Iliyopatikana ilikuwa moja, ya Jumatatu ya Pasaka, kwenye mwamba ulio mbele ya kijiji cha Irente: Pendo anacheka, na Evelina yuko pembeni yake amemwekea mkono wa kulia begani. Mkononi kuna bangili ya shanga nyekundu, zawadi ya Jenoveva mwenyewe.

Jenoveva ndiye aliyeikata. Alikuwa akifanya kazi kwenye steshenari, kwenye picha za pasipoti na kadi za harusi, na kwa kuhariri picha alikuwa hana mpinzani mjini pale. Aliwahi kumfuta mjomba mlevi mzima mzima, pamoja na chupa yake, kwenye picha ya harusi, na bwana harusi hakugundua. Basi akamtoa Evelina pembeni mwa Pendo. Akaweka mbingu mahali pake.

Mkono akauacha.

Siku ya mazishi wote waliuona. Vidole vinne na bangili nyekundu, begani kwa marehemu, bila mwenyewe. Misiba mingi ina picha za namna hiyo, haraka haraka na machozi. Evelina alitaka kuuliza, akajizuia. Nani amseme mfiwa? Ila jeneza liliposhushwa, Jenoveva akaomba na picha ishushwe pia. Watu wakatazamana. Picha hurudi nyumbani ikatundikwa ukutani, haizikwi. Mama yao akasema mwacheni.

Basi mkono wa Evelina ukafukiwa kwa udongo wa Kwai, mwenyewe akiwa amesimama kando anaimba na waombolezaji.

Wiki moja kabla ya jioni ile ya betri, Evelina alikuwa stendi peke yake na kamera. Alikuwa anajaribu lile jambo la kuiacha kamera ifumbue jicho kwa muda mrefu gizani. Jambo lenyewe ni rahisi na lina uchawi wake wa halali. Kamera ikitazama muda mrefu, chochote kinachotembea kinageuka moshi au kinapotea kabisa. Kinachobaki ni kile tu kilichotulia. Mabasi hubaki, vibanda hubaki. Watu hawabaki. Hata anayejidai amesimama, anapumua, anayumba, anajikuna.

Picha ikatoka. Stendi yote ilikuwa moshi wa watu.

Isipokuwa mmoja.

Kati ya vibanda viwili alisimama mwanamke, mgongo kwa kamera, gauni la lesi nyeupe. Hakuwa na ukungu hata kidogo. Ungeweza kuhesabu nyuzi za lesi. Evelina aliinua macho akatazama mahali pale. Palikuwa na mbuzi na gunia la kabichi.

Alimpelekea Jenoveva picha hiyo, akitegemea rafiki yake ashtuke, amkumbatie, aseme wachome ubani au waite mwinjilisti. Jenoveva hakushtuka. Aliigusa skrini kwa kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Sura uliiona?"

"Mgongo tu. Jeno, hilo gauni... si lile tulilomvika?"

"Nitumie hiyo picha," alisema Jenoveva. Akaushika mkono wa Evelina uliokufa ganzi, akausugua katikati ya viganja vyake, akaupulizia pumzi. "Maskini, mkono wako. Ijumaa twende kwenye mwamba, sawa? Nataka picha ya milima jua likizama, na wewe umesimama. Tumekaa sana na huzuni, Eve."

Evelina karibu alie kwa furaha. Tangu msiba rafiki yake alikuwa hajamwalika popote.

Ndiyo maana Ijumaa ile alikuwa sokoni akigombea betri za tochi.

Bodaboda iliwashusha mwisho wa barabara nzuri, wakaendelea kwa miguu kati ya mikaratusi. Jenoveva alivaa sweta la kijani, begani kabeba stendi ya kamera. Hakuongea sana. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni, na mahali fulani mbwa alibweka, akakatishwa. Kwenye kona wakakutana na bibi mmoja amejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe. Evelina akaona hiyo ndiyo picha ya mtu usiyemjua, ya kujifunzia.

"Shikamoo bibi. Tunaomba tukupige picha, kama hutajali."

"Marahaba. Mimi na majani yangu? Hapana." Bibi akasita, akawatazama, macho yakahama kutoka kwa Jenoveva hadi kwa Evelina, yakaenda tena hatua moja mbele zaidi, pembeni ya mkono wake wa kulia. "Na ninyi watatu mnakwenda wapi na giza linaingia? Huyo mwenzenu mbona hana sweta?"

Evelina akacheka. Akageuka pembeni yake. Barabara tupu.

"Bibi, tuko wa—"

"Tunarudi sasa hivi, bibi," Jenoveva akamkatiza. Alikuwa anatabasamu. Evelina hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu masika.

Bibi aliondoka haraka kuliko mzigo wake ulivyoruhusu.

"Jeno, umemsikia? Kasema watatu."

"Mzee yule. Macho yamechoka."

Kwenye mwamba upepo ulikuwa umetulia. Chini kabisa, kwenye mashamba ya mkonge, taa za Mazinde zilikuwa zimeanza kuwaka, na mbele zaidi Mombo, na malori yakitambaa barabarani. Jua lilikwisha kuzama. Ulibaki mstari mwekundu nyuma ya nyika, ukififia. Ni ule wakati wanaoupenda wapiga picha kuliko mwingine wowote, usiku bado na mchana umekwisha. Jenoveva alikita stendi, akafunga kamera juu yake, akakagua mara ya pili.

"Simama pale ukingoni. Sogea kushoto. Nyuma kidogo... hapo hapo."

Evelina akatazama miguu yake. Kulikuwa na ufa kwenye jiwe, wenye umbo la kiwiko. Aliujua ufa huo. Alisimama juu yake Jumatatu ya Pasaka.

"Hapa ndipo tuliposimama na Pendo."

"Najua. Washa tochi nikulenge usoni. Vizuri. Sasa zima." Sauti ya Jenoveva ilikuwa ya chini, ya upole. "Nyoosha mkono wa kulia. Juu kidogo. Kidogo tena. Kama umemshika mtu begani."

"Kwa nini?"

"Inapendeza."

Akanyoosha. Urafiki ndivyo ulivyo. Unaambiwa nyoosha, unanyoosha.

"Usitikisike, Eve. Hata pumzi, ivute polepole. Nitaiacha kamera ifumbue jicho muda mrefu."

Chak.

Kukawa kimya. Vyura waliokuwa wakilia bondeni wakanyamaza wote kwa pamoja, kana kwamba kuna aliyewanyooshea kidole. Harufu ikaja. Udongo mbichi... nta... Safari hii haikutoka mkononi kwake. Ilikuwa imemzunguka.

Halafu mkono wake ukagusa kitu.

Nguo. Lesi iliyolowa. Chini ya lesi, mfupa wa bega, mdogo, wa baridi. Alisubiri bega lile lipande na kushuka, kama bega la mtu yeyote anayevuta pumzi.

Halikupanda.

Alitaka kugeuka, shingo ikakataa.

"Jeno..." alinong'ona. "Kuna mtu hapa."

"Najua."

"Jeno, nimemshika mtu!"

"Najua, Eve. Usigeuke. Usitikisike, nakuomba kwa jina la Mungu. Bado kidogo tu." Jenoveva alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Yukoje? Amepungua? Ana baridi?"

Vidole vyembamba vikapanda juu ya vidole vya Evelina. Vikavifunika kimoja baada ya kingine.

"Umenifanya nini?"

"Kuna bibi mmoja mganga Magoma, chini kule. Nilimfuata siku ile ile Pendo alipokata roho. Akaniambia maiti akizikwa huku ameshikwa na mkono wa aliye hai, hafiki anakokwenda. Anasimama njiani anangoja. Na aliyemshika akija akatulia mahali pake, bila kutikisika mpaka mwisho, wanabadilishana." Pumzi ikamkatika. "Mmoja anabaki. Mmoja anashuka mlimani."

"Mkono uliusahau kwenye picha... Ulikuwa msiba, uliusahau..."

"Sikuusahau."

Mjomba mlevi na chupa yake, mzima mzima. Bila shaka hakuusahau! Evelina alisikia moyo ukimvunjika, na ajabu ni kwamba hofu ilikaa pembeni ikapisha uchungu. Miezi yote ile. Mkono wake ukisuguliwa na kupuliziwa pumzi na mtu anayejua fika ugonjwa ni nini. Maskini, mkono wako!

"Kwa nini mimi, Jeno?"

"Ulikuwa umemshika wewe. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera."

"Si ungejiweka wewe? Ungepiga nyingine, ungebandika mkono wako! Unashindwa nini wewe kwa picha?"

Jenoveva akajibu kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa:

"Naogopa, Eve."

Kando ya sikio la Evelina, mtu akacheka.

Kicheko kidogo, cha puani, anachokijua. Kile kinachotangulia.

"Atakusalimia sasa," alinong'ona Jenoveva upesi. "Wewe mwitikie tu. Ukishaitikia imekwisha, hutasikia chochote. Mwitikie, Eve, umempenda siku zote..."

Kweli alimpenda. Na alijua ulimi wake. Salamu ile ikitoka atajibu, apende asipende, kama alivyojibu maisha yake yote. Kulikuwa na nafasi ya pumzi moja kati ya kicheko na salamu.

Akatikisika.

Hakuna neno lingine. Alirusha miguu, alirusha mabega, alipiga yowe, akajitupa chini kwenye jiwe kama mtu wa kifafa. Vidole vya baridi viling'ang'ania bangili yake ya shanga, uzi ukakatika, shanga zikamwagika juu ya mwamba... tik, tik, tik... zikidondokea korongoni. Mkono ukachomoka. Akajiburuza kwa magoti kuelekea kwenye mikaratusi.

"Usimwachie!" Jenoveva alipiga kelele. "Eve, kamera bado iko wazi! Atapotea! Atapotea moja kwa moja!"

Akampita Evelina mbio bila hata kumtazama. Hilo ndilo ambalo Evelina hakulisahau. Mtu waliyekua naye, amelala chini anavuja damu magotini, na hakutupiwa hata jicho. Jenoveva alikwenda hadi kwenye ufa, akajiweka pale, akanyoosha mkono wake juu ya giza.

"Basi nishike mimi, mdogo wangu. Njoo. Sasa siogopi."

Kiganja chake kikatua juu ya kitu. Akafumba macho. Akatulia. Akatulia kuliko mtu anavyoweza kutulia, hata sweta lake la kijani lilitulia, wakati upepo ulikuwa umeanza tena na majani yote yalikuwa yanatikisika.

"Jeno!"

Hakuitika.

Evelina akakimbia. Nyuma yake, akiwa amekwisha kufika kwenye miti, alisikia kamera ikifumba jicho.

Chak.

Alifika chumbani kwake akiwa na kiatu kimoja. Alipojisikilizia vizuri akagundua mkono wake wa kulia una joto. Ulikuwa na joto, na ulinuka jasho, harufu ya mtu. Akaulalia akalia hadi alfajiri. Simu ya Jenoveva haikupatikana.

Asubuhi alichukua bodaboda hadi Kwai. Njia nzima alibishana na nafsi yake. Kama Jenoveva ameanguka korongoni, mama yake lazima aambiwe. Kama yuko hai, basi ataambiwa maneno ambayo Evelina alikuwa ameyapanga usiku kucha, machungu, moja baada ya jingine, na la mwisho lingekuwa kwamba wasijuane tena. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo la aibu ambalo hakutaka kulikubali. Alitaka kumkuta yuko hai. Alitaka aombwe radhi. Alikuwa tayari hata kusamehe, jamani, angalau nusu.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, moshi ukitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umechoka hivyo?"

"Jenoveva... alirudi?"

"Alirudi jana ile ile. Kalala kama mtoto mchanga, sijamsikia akilia usiku hata mara moja. Na leo kaamka na njaa! Kaniomba makande." Mama alikoroga sufuria bila kuinua uso. "Tangu lini Jenoveva akala makande? Nimeyapika hivyo hivyo."

Kamera ilikuwa juu ya meza sebuleni, na matone ya umande bado yako kwenye mkanda. Ilikuwa kamera yake pia. Evelina akaiwasha kwa kidole chake chenye uhai.

Picha ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote walizowahi kupiga. Mstari wa milima, mweusi, mkali. Nyota. Taa za Mombo chini. Pale ardhini, alipokuwa amejirusha yeye, hapakuwa na kitu, hata moshi. Alikuwa amefutika salama. Na ukingoni kabisa, juu ya ufa, alisimama mtu mmoja, mgongo kwa kamera.

Hakuwa na ukungu hata kidogo. Ungeweza kuhesabu nyuzi za sweta lake la kijani.

Mlango wa chumbani ukalia.

Evelina aliiweka kamera chini. Aliinuka, maneno yote aliyoyapanga yamemkauka. Aliyetoka alikuwa Jenoveva: uso wa Jenoveva, kovu la Jenoveva kwenye kidevu, kanga ya Jenoveva kifuani. Alisimama akamtazama Evelina, na macho yakajaa furaha, furaha safi isiyo na hatia wala kumbukumbu.

Akacheka kwanza.

Kisha akapiga goti nusu.

"Shikamoo, dada Evelina!"

Usiitikie, alijiambia. Usiitikie, usiitikie, Jeno yuko kule juu bado, anangoja, labda kuna njia, labda bibi wa Magoma anajua, ufunge mdomo wako, Eve—

"Marahaba," alisema Evelina.

Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka siku zote. Akaziba mdomo kwa mkono wa kulia, amechelewa.

Jikoni, mwiko ulikuwa umesimama. Mama alikuwa ameisikia ile salamu, na mama hawezi kukosea sauti za wanawe. Evelina alimtazama kupitia mlangoni akimwomba kwa macho apige yowe, ashangae, aulize tu, aulize binti yake mkubwa yuko wapi.

Mama alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akachota makande, akajaza sahani.

"Pendo," akaita, taratibu. "Njoo ule mama, yanapoa."